Mlango wa Chuma na Kijidudu cha Koo

Moyo wa binadamu una milango minne. Walimu wa sayansi huiita vali, na kazi yake ni moja tu: kuiruhusu damu ipite kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Kwa siku moja kila mlango hufunguka na kufungwa mara zipatazo 100,000, wala mwenyewe hana habari, kama vile mwenye nyumba asivyozisikia bawaba za mlango wake mpaka zianze kulia. Mlango ukiharibika, daktari wa upasuaji anaweza kuuondoa na kuweka mwingine uliotengenezwa kiwandani. Lakini mlango wa kiwandani nao una adui wake, naye ni damu ile ile inayopita ndani yake. Damu huganda juu ya chuma, ikafanya bonge, na bonge likaushika mlango usifunguke wala usifunge.

Mimi nilikuwa mwalimu wa historia kabla sijawa mkuu wa chuo cha ualimu, na sayansi niliyo nayo ni ya kuokoteza. Kwa hiyo msomaji asitazamie hapa mafunzo ya udaktari. Ninachotaka kusimulia ni namna binadamu walivyoipata dawa ya kuliyeyusha bonge hilo bila kupasua kifua, na kwa nini ilichukua zaidi ya miaka 40 kukubaliana, tena nusu nusu, jinsi ya kuitumia. Habari hii ina jambo moja lililonishangaza tangu nilipolisoma mara ya kwanza. Dawa yenyewe ilitoka katika ukoo ule ule wa vijidudu unaoiharibu milango ya moyo.

Nianze na uharibifu. Mtoto anaugua koo, yale tunayoyaita mafindofindo. Mara nyingine chanzo chake ni bakteria aitwaye streptokoka, ambaye akitazamwa katika hadubini huonekana kama shanga zilizotungwa uzini. Baada ya siku chache koo hupona na mtoto hurudi kucheza. Lakini kwa baadhi ya watoto, hasa wale wa miaka 5 hadi 15, wiki mbili tatu baadaye askari wa mwili waliofunzwa kumpiga streptokoka humgeukia mwenye mwili na kuanza kuupiga moyo wake. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Viungo huuma na kuvimba, joto hupanda, kisha yote hutulia na mama hushukuru. Moyo ndio hausahau. Homa ikirudia mara kadhaa, milango hunenepa, kingo zake hushikana, na mtu wa miaka 20 hupanda ngazi akihema kama mzee wa 80. Ni ugonjwa wa nyumba zilizosongamana na zahanati zilizo mbali. Marekani na Ulaya karibu wameusahau. Huku kwetu Afrika Mashariki bado upo, na ndio unaowafikisha vijana wengi kwenye meza ya upasuaji wa moyo.

Miaka ya 1950 Marekani yenyewe ilikuwa bado haijausahau. Mwaka 1958 mhandisi mmoja mstaafu, Lowell Edwards, alikwenda kumwona daktari kijana wa upasuaji mjini Portland, jimbo la Oregon. Daktari huyo ni Albert Starr, wakati huo mwenye umri wa miaka 32. Edwards alikuwa na miaka 60, alikuwa amejipatia fedha kwa kubuni pampu za mafuta za ndege, na ujanani mwake aliwahi kuugua hiyo homa ya rumatiki. Alitaka watengeneze moyo mzima wa bandia. Starr akamshauri waanze na mlango mmoja. Huo nauona ni ushauri mwema kwa mstaafu yeyote mwenye mipango mikubwa.

Walijaribu kwanza kwa mbwa, na mbwa wakafa, wengi wao kwa sababu damu iliganda juu ya kile kifaa. Wakabadili umbo mara kadhaa, hatimaye wakapata tufe la silikoni lililofungiwa ndani ya kizimba. Moyo unaposukuma, tufe huruka na kuacha njia. Moyo unapolegea, tufe hurudi na kuziba. Agosti 1960 walimwekea mwanamke mmoja, akafa siku ile ile kwa hewa iliyokuwa imebaki ndani ya moyo. Septemba wakamwekea mwanamume wa miaka 52, naye akaishi miaka 10, kisha akafa kwa kuanguka kutoka ngazini. Ni mara chache mtu anasoma habari za ajali ya ngazi akafurahi, lakini hapo nilifurahi: mlango haukuwa ndio uliomwua.

Mafundi wengine walifuata. Mwaka 1969 kikaja kisahani kinachoinama, na mwaka 1977, huko Minnesota, akawekewa mgonjwa wa kwanza mlango wenye mabawa mawili ya kaboni ambao umbo lake ndilo lililoenea zaidi duniani. Kila umbo lilikuwa bora kuliko lililotangulia. Damu nayo iliendelea kuganda kwa kila umbo, kwa maana damu imeumbwa hivyo: ikigusa kitu kigeni au ikituama mahali, hugeuka kutoka majimaji ikawa kitu kama rojo kisha kama nyama. Ni tabia njema. Bila hiyo tungekufa kwa kujikata na wembe. Ila mwenye mlango wa chuma humletea hatari mbili. Ya kwanza ni mlango kushikwa, damu ikarundikana nyuma yake na mapafu yakajaa maji. Ya pili ni kipande cha bonge kumeguka na kusafiri hadi ubongoni, mtu akapata kiharusi.

Sasa naomba msomaji arudi nami nyuma hadi mwaka 1933, maana katika mwaka huo mmoja, katika nchi hiyo moja ya Marekani, watu wawili wasiojuana walikutana na damu iliyokataa kuwa kama damu nyingine.

Wa kwanza alikuwa mkulima wa Wisconsin aitwaye Ed Carlson. Ng'ombe wake walikuwa wakifa kwa kutoka damu isiyokoma. Jumamosi moja ya Februari aliendesha gari yapata kilomita 300 katikati ya tufani ya theluji, akabeba mtamba aliyekufa, debe la maziwa lililojaa damu ambayo haikuganda, na mzigo wa majani makavu ya klova yaliyooza kidogo, ambayo ndiyo chakula pekee alichokuwa nacho kwa mifugo yake. Akaishia katika maabara ya Karl Paul Link kwenye chuo kikuu mjini Madison. Ilimchukua Link na wenzake hadi 1940 kueleza ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya majani yale. Kutokana na kitu hicho ilitokea warfarini, iliyouzwa kuanzia 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa wanadamu. Hiyo ndiyo dawa anayomeza mwenye mlango wa chuma kila siku ya maisha yake. Wengi hawaambiwi habari ya panya, na pengine ni heri. Lakini warfarini huzuia tu. Damu ikishaganda, warfarini hukaa ikitazama.

Wa pili ndiye hasa wa habari yangu. William Tillett alikuwa daktari mtafiti wa Baltimore aliyewachunguza streptokoka. Alikuwa ameona kwamba vijidudu hao hushikamana pamoja wakitiwa katika maji ya damu yaliyo kamili, lakini hawashikamani katika maji ya damu yaliyokwisha kugandishwa na kuchujwa. Akafikiri: yumkini wanakamata ile protini inayogandisha. Kama ni hivyo, basi maji ya damu yenye streptokoka yasigande. Akapanga neli zake za kioo, nyingine na vijidudu na nyingine bila, akatia chokaa ya kugandishia. Zote zikaganda. Dhana yake ilikuwa si kweli, na mtu mwingine angeosha neli zake na kwenda nyumbani. Baadaye akazitazama tena. Zile zisizo na vijidudu zilikuwa zimeganda kama alivyoziacha. Zenye streptokoka zilikuwa zimerudi kuwa maji.

Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wanafunzi namna ya kusahihisha madaftari, na nilikuwa nikiwaambia kwamba jibu lisilo sahihi litazamwe mara mbili kabla ya kuchorwa mstari mwekundu. Ningaliijua habari ya neli za Tillett wakati huo, ningaliisimulia kila mwaka.

Tillett na mwenzake Garner walichapisha walichokiona mwaka huo huo wa 1933. Ilipofika 1945, mtafiti L. R. Christensen akaeleza jinsi jambo lenyewe linavyotendeka, nami nitalieleza kwa lugha ya nyumbani. Ndani ya damu yetu kumelala mfanyakazi aitwaye plasminojeni. Kazi yake ni kubomoa nyuzi za fibrini zinazolifunga bonge, lakini hafanyi kazi mpaka aamshwe. Streptokoka hutoa kitu kinachomwamsha, kwa faida yake mwenyewe, ili abomoe kuta ambazo mwili umejenga kumzingira apate kupenya zaidi. Kitu hicho kikapewa jina la streptokinasi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Tillett na kijana wake Sol Sherry wakakitia kwa sindano katika vifua vya wagonjwa ambao pafu lao lilikuwa limefungwa na damu na usaha ulioganda, na vile vigande vikayeyuka. Kuiingiza dawa kwenye mshipa kulihitaji uvumilivu zaidi. Dawa za mwanzo zilikuwa na uchafu, wagonjwa wakapata homa na shinikizo la damu likashuka. Ilipofika 1958 ilikuwa imesafishwa kiasi cha Sherry kuitumia kwa wagonjwa wa shambulio la moyo.

Wahenga walisema mchawi mpe mwana alee. Streptokoka wa kundi moja huharibu mlango wa moyo wa mtoto. Binamu yake wa kundi jingine hufugwa kiwandani ili atoe dawa ya kuokoa mlango wa bandia uliowekwa badala yake. Tena undugu huo una gharama. Mwili uliopambana na streptokoka huweka kumbukumbu, na ukikutana na streptokinasi unaweza kuitambua na kuipiga, dawa ikapungua nguvu au mgonjwa akapatwa na mzio. Ndiyo maana aliyepewa mara moja hapewi tena kwa karibu.

Mwaka 1971 jarida la madaktari la Lancet la Uingereza lilichapisha taarifa fupi: mlango wa bandia ulioshikwa na bonge umefunguliwa kwa dawa ya kuyeyusha. Ulikuwa mlango wa upande wa kulia wa moyo, uitwao trikuspidi. Hapana shaka upande huo ulifaa kujaribiwa kwanza, kwa kuwa kipande kikimeguka upande wa kulia huenda mapafuni, na mapafu yanaweza kukivumilia. Upande wa kushoto, mahali palipo milango mingi ya bandia, kipande huenda kokote, na ubongo uko njiani.

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Wapasuaji walisema: fungua kifua, ondoa mlango, weka mwingine. Hoja yao haikuwa ndogo. Kwanza, lile linaloushika mlango si kila mara bonge la damu. Mara nyingine ni kovu, nyama ngumu inayoota pole pole kutoka ukingoni mwa mlango, na kovu haliyeyuki kwa dawa yoyote. Pili, kulikuwa na ile hatari ya kiharusi. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walikusanya matibabu 127 waliyoyafanya kwa dawa na kuyachapisha mwaka 2003: mlango ulifunguka kabisa mara 7 kati ya 10, lakini katika kila matibabu 100, mara 15 kipande kilimeguka na kusafiri. Wenyewe, pamoja na uzoefu wote huo, walisema upasuaji ubaki wa kwanza kwa anayeuweza. Waliopendelea dawa nao walijibu kwamba kufungua kifua kwa mara ya pili, usiku, kwa mtu ambaye mapafu yake yamejaa maji, ni kumpeleka mahali ambako wengi hawarudi.

Hapa sina budi kukiacha kitabu kidogo. Mwaka 1997 chuo chetu kilimpokea mwanachuo mmoja aliyekuwa na mlango wa chuma kifuani. Alikuwa amefanyiwa upasuaji India mwaka uliotangulia, kwa msaada wa serikali na michango ya ukoo mzima. Mlango wa namna hiyo hulia unapofungwa. Katika ukumbi wa mtihani, pale zinaposikika kalamu tu, tulimsikia: tik, tik, tik. Wenzake walimwita Dada Saa, naye hakuchukia. Nadhani alipenda kujulikana kwa jambo ambalo lingaliweza kumwonea aibu. Alihitimu 1999 akapangiwa shule ya msingi isiyo mbali nasi. Mwaka 2001 akapata mimba. Kliniki walimwambia aache vidonge vya warfarini kwa ajili ya mtoto, na walisema kweli, maana katika miezi ya mwanzo dawa ile inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Ila aachaye warfarini hupaswa kuchomwa sindano za heparini zishike nafasi yake, na sindano hizo wilayani hazikuwapo.

Asubuhi moja ya Jumatatu mwalimu mwenzake aliyekuwa akikaa naye nyumba moja alikuja ofisini kwangu.

"Shikamoo, Mkuu. Dada Saa amelala ameketi usiku kucha, pumzi haimtoshi." Kisha akaongeza neno ambalo wakati ule nililipita: "Na ile saa yake haisikiki."

Tulimpeleka kwa Land Rover ya chuo hadi hospitali kubwa, ambayo sitaitaja. Walimpokea vizuri. Walimpa oksijeni na dawa ya kukojoza maji yaliyojaa mapafuni. Walisema inatakiwa picha ya moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na mwenye kuipiga mashine huja Alhamisi. Alifariki usiku wa Jumatano, na mtoto wake tumboni.

Sikuona pale mtu mwenye nia mbaya. Wauguzi walilia pamoja nasi. Lakini tangu taarifa ile ya Lancet ilikuwa imepita miaka 30, na katika siku zile tatu neno streptokinasi halikutajwa mbele yetu hata mara moja, wala la kusema ipo, wala la kusema haipo. Mlango ulioshikwa na bonge huacha kulia, au hulia kwa sauti ya kukwama kama saa iliyofunikwa na mto. Hilo linaandikwa katika vitabu vya madaktari kama dalili, na mgonjwa mwenyewe au anayelala chumba kimoja naye huweza kuisikia kabla ya mashine yoyote. Yule mwalimu kijana alikuwa ameshautambua ugonjwa saa 72 kabla ya siku ya mashine. Nilianza kusoma habari hizi baada ya mazishi.

Nilichokuta katika kusoma ni kwamba ubishi wa kisu na dawa ulisogezwa mbele zaidi na miji ambayo wagonjwa wake walifanana na wa kwetu. New Delhi, katika taasisi kuu ya tiba ya India, wagonjwa wa rumatiki ni wengi, ni vijana, na upasuaji wa pili ni fedha ambayo ukoo umekwisha kuitoa mara moja. Huko dawa ilikuwa ndiyo tiba ya kawaida. Mwaka 2009 madaktari wake walichapisha jaribio la wagonjwa 120 waliogawanywa kwa kura, wengine wakapewa streptokinasi kwa kasi, wengine kwa mwendo wa kawaida. Kasi haikuleta tofauti kubwa ya kuaminika. Kwa jumla karibu 6 kati ya 10 walipona kabisa. Walikuwa wakweli kusema kwamba matokeo hayo ni pungufu ya yale yaliyokuwa yakidaiwa na ripoti za awali, na mimi huwaamini zaidi watu wanaochapisha tarakimu zisizowapendeza.

Wakati huo dawa nyingine ilikuwa imekwisha kuingia. Mwili wenyewe hutengeneza kiamsho chake cha plasminojeni, kiitwacho kwa kifupi t-PA. Désiré Collen wa Leuven, Ubelgiji, na wenzake walikipata kwa wingi wa kutosha kukichunguza kutoka katika seli za saratani ya ngozi zilizokuwa zikikuzwa maabara. Kampuni ya Genentech ya California ikafaulu kukitengeneza kwa uhandisi wa chembe za urithi mwaka 1982. Na mwaka 1987 kikaruhusiwa Marekani kwa shambulio la moyo. Kwa kuwa si mgeni mwilini, hakina ule ugomvi wa streptokinasi. Bei yake ndiyo ugomvi.

Katika shambulio la moyo dawa hiyo hutolewa kwa haraka, yapata miligramu 100 ndani ya saa moja na nusu hadi saa tatu, na ni haki, kwa sababu kila dakika nyama ya moyo inakufa. Walioanza kuitumia kwa milango ya bandia mara nyingi waliazima vipimo hivyo hivyo. Hapa ndipo ninapoona kosa la kihistoria, kwa maana ya desturi kuhama mahali pake. Bonge la mlangoni si la leo asubuhi. Limejengwa kwa siku, pengine kwa wiki, tabaka juu ya tabaka. Ukilimwagia dawa nyingi kwa mara moja, huporomoka vipande vipande, na vipande ndivyo vinavyokwenda ubongoni.

Mturuki Mehmet Özkan na wenzake wa Istanbul walilitazama jambo hili kwa miaka mingi. Kuanzia 1993 hadi 2009 waliwatibu wagonjwa 182 kwa njia tano zilizofuatana, kuanzia streptokinasi ya haraka hadi t-PA kidogo kidogo, wakaichapisha hesabu yao mwaka 2013. Milango ilifunguka kwa kiasi kinachokaribiana katika njia zote. Kilichotofautiana ni madhara, na njia iliyokuwa na machache kuliko zote ni ile ya miligramu 25 tu, zikipita kwa dripu polepole kwa saa 6, bila dozi kubwa ya kuanzia. Baada ya hapo hupigwa picha. Kama mlango bado, hurudiwa. Hawakuishia hapo. Mwaka 2015 walitoa matokeo ya kupitisha miligramu hizo hizo 25 kwa saa 25, yaani miligramu moja kwa saa: matukio 120, milango iliyofunguka 90 kati ya kila 100, na kifo kimoja tu. Haraka haraka haina baraka husemwa na kila bibi kwetu. Kuithibitisha kwa dripu kulihitaji miaka 20 na zaidi. Nimefurahishwa pia na majina waliyoyapa majaribio yao, Troia, Promete, na baadaye Hattusha, mji mkuu wa Wahiti wa kale. Kumbe madaktari nao wana walimu wao wa historia.

Katika mwaka huo wa 2013 walichapisha pia habari za wajawazito. Walikuwa wanawake 24 wenye milango iliyoshikwa na bonge, waliotibiwa kwa t-PA ya polepole. Baadhi ya mimba ziliharibika. Hakuna mama hata mmoja aliyekufa. Ukurasa huo niliusoma mara nyingi kuliko kurasa nyingine zote nilizozitaja hapa.

Hattusha ilichapishwa 2022. Wagonjwa 158 wa hospitali kadhaa za Uturuki, 83 wakatibiwa kwa dawa polepole na 75 kwa upasuaji. Kwa dawa walikufa 2 au kidogo zaidi kati ya kila 100. Kwa upasuaji, karibu 19. Tofauti hiyo ni kubwa mno, lakini msomaji makini asiimeze nzima nzima. Hawakugawanywa kwa kura. Madaktari na wagonjwa walichagua, na anayechaguliwa kwenda kwenye kisu huenda si sawa na anayechaguliwa kwa dripu. Wenye jaribio wenyewe wanalijua hilo.

Vyama vya madaktari wa moyo wa Marekani, ambao katika mwongozo wao wa 2014 walikuwa wameuweka upasuaji wa dharura mbele kwa mgonjwa aliye taabani, walibadilika mwaka 2017: wakaandika ama upasuaji, ama dawa kidogo ya polepole, kwa kutazama mgonjwa alivyo na hospitali iliyopo. Mwaka 2020 wakarudia hivyo hivyo. Kwetu, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, na milango iliyokuwa ikifuatwa India inawekwa hapa nchini. Wenye vifua vinavyolia kama saa wanarudi mikoani, kwenye wilaya zilizo mbali na mpasuaji yeyote. Mwongozo wa Ulaya wa 2021 ulikuwa na tarakimu zile zile za Istanbul za 2013 na 2015. Wao wakauacha upasuaji uwe wa kwanza kwa aliye mahututi, na dawa ikabaki kwa asiyeweza kupasuliwa au mahali ambapo mpasuaji hapatikani mara moja. Ulaya mpasuaji wa moyo huamshwa saa nane za usiku na gari huwa mlangoni, na mwongozo wao uliandikwa kwa ajili ya miji ya namna hiyo.